Kiangazi na RV milimani Estes Park, Colorado: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikikaribia Juni maswali ni yale yale. Watu wanataka kukodi RV (gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani) Denver, wapande nayo mpaka Estes Park na Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, na maswali mengi yanatokana na kudhani RV ni gari la kutalii. Mimi msimamo wangu ni kwamba RV ni chumba cha kulala kilichofungwa magurudumu. Ukiichukulia hivo safari inakuwa nyepesi, ukiichukulia kama gari la kuzungukia utashinda unatafuta pakingi. Majibu mengi hapa chini yanarudi hapo hapo.

RV ziko aina ngapi, na familia ya watu wanne tuchukue ipi?

Zenye injini zake ziko madaraja matatu. Class A ndo lile lidude kama basi, kioo cha mbele kizima. Class B ni van tu iliyopandishwa paa, mnalala wawili vizuri, wa tatu akiongezeka ni ugomvi. Class C ndo ile yenye kichwa cha lori dogo na kitanda juu ya dereva, na hii wakodishaji wengi wanayo. Halafu kuna trela za kuvutwa na pikapu, hizo kama hujawahi kurudisha trela nyuma usianzie mlimani.

Kwa watu wanne Class C ya futi 22 hadi 25 inatosha kabisa. Watakushawishi uchukue ya futi 30 kwa sababu bei haipishani sana, kataa. Kila futi unayoongeza inakupunguzia kempingi zinazoweza kukupokea na mahali pa kusimama, na watoto hawatashinda ndani ya gari wakati nje kuna mto.

Kwenye bei uliza vitu vinavyolipiwa pembeni: maili, masaa ya jenereta, vyombo na mashuka, usafi wa mwisho. Bei ya kwenye tangazo na bei ya kwenye risiti ni watu wawili wasiofahamiana.

Nahitaji leseni maalum?

Hapana, kwa RV karibu zote za kukodi leseni ya kawaida ya gari dogo inatosha. Anayetoka nje ya Marekani aje na leseni yake pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva. Umri wakodishaji wengi wanataka miaka 25, wachache wanakubali 21. Bima isome mwenyewe, maana bima ya gari lako la kila siku au ile ya kadi ya benki mara nyingi haigusi RV kabisa.

Toka Denver nipande kwa njia gani?

Kwa RV ya mara ya kwanza pita US 36, Boulder halafu Lyons halafu Estes Park. Kona zipo ila barabara ina nafasi. Njia nyingine ni US 34 toka Loveland, inapita ndani ya korongo la Big Thompson. Ni nzuri sana kwa macho lakini kuna kipande ambacho ukuta wa mwamba umesimama wima pembeni kabisa ya lami, na dereva wa gari pana anapita pale amebana pumzi.

Kwenye hilo korongo utaona vibao vinavyosema mafuriko yakija panda juu ya mlima. Havikuwekwa kama mapambo. Tarehe 31 Julai 1976 mvua kubwa ilinyesha juu ya korongo jioni, mto ukapanda ghafla, na watu zaidi ya 140 wakafa. Wengine walijaribu kukimbia mafuriko kwa gari na maji yakawashinda mbio. Kwa hiyo ukiwa humo, mvua ikawa kubwa na mto ukaanza kubadilika rangi, liache gari, pandeni juu kwa miguu. RV ni ya watu, italipwa na bima.

Hivi RV inaweza kupita Trail Ridge Road kweli?

Inapita na ni halali. Ni barabara ya kukatiza hifadhi, lami tupu, maili 48 yaani kilomita 77 toka Estes Park mpaka Grand Lake, mwinuko wake hauzidi asilimia 7, na sehemu ya juu kabisa ni futi 12,183, kama mita 3,713. Kwa Marekani nzima hakuna barabara ya lami ya kupita moja kwa moja iliyo juu kuliko hiyo. Maili 11 hivi ziko juu ya mstari wa miti, yaani huoni mti hata mmoja, ni nyasi fupi, mawe, upepo, na kwenye kingo za barabara mabaki ya theluji hata Julai.

Sasa kupita ni jambo moja na kuifurahia ni jambo lingine. Sehemu nyingi hazina vyuma vya pembeni, bonde linaanzia hapo hapo lami inapoishia, kwa hiyo dereva wa RV macho yake yote yako kwenye mstari mweupe na abiria ndo wanaosema waoo. Vituo vya kuangalia mandhari kama Many Parks Curve, Forest Canyon na Rock Cut vina pakingi fupi fupi, na ikifika saa 4 asubuhi magari madogo yameshajaa, wewe na futi zako 30 unapita tu mbele yao, unaenda kingine, nacho kimejaa, mpaka unajikuta umeshuka upande wa pili wa mlima na hujakanyaga hata jiwe moja.

Ushauri wangu: kama mko madereva wawili, kodini na gari dogo huko huko Denver. RV ibaki kempingi, gari dogo ndo lipande. Kama hamna uwezo huo basi muwe mmeshapita getini saa 12 asubuhi, mnakunywa chai yenu huko juu ndani ya RV wakati wengine ndo wanaamka, na saa 4 mnashuka. Hapo ndo RV inakuwa na faida, jiko liko mgongoni.

Barabara hiyo kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei na hufungwa Oktoba, ila mwenye neno la mwisho ni theluji, na inaweza kufungwa kwa masaa hata katikati ya Juni. Huko juu kuna baridi ya nyuzi 11 hadi 17 zaidi ya mjini, kwa hiyo usipande na kaptura peke yake.

Barabara zipi nisiguse kabisa?

Old Fall River Road. Ilifunguliwa 1920, ni ya changarawe, inaelekea upande mmoja tu kwenda juu, kwa hiyo ukiingia hakuna kugeuza. Gari lolote linalozidi futi 25 haliruhusiwi na trela hairuhusiwi ya aina yoyote. Hata kama RV yako ni fupi, mikataba mingi ya kukodi inakataza barabara za vumbi, ukikwama huko gharama ni zako.

Wanaotaka kuendelea mpaka Aspen, barabara ya mlimani ya Independence Pass inakataza gari au msafara wa gari na trela unaozidi futi 35. Ramani ya simu haijui umeendesha nini, itakupeleka tu. Angalia urefu wako na kimo chako kwenye karatasi za gari, viandike kwenye kipande cha karatasi ubandike mbele ya dereva, kwa futi na inchi, maana vibao vyote huko ni futi.

Kushuka mlima breki zangu zitahimili?

Zitahimili kama hutazishikilia. Kosa la kawaida ni kuweka mguu kwenye breki toka juu mpaka chini, breki zinapata moto, unasikia harufu kama mpira unaungua, halafu pedali inaanza kwenda chini zaidi kila ukikanyaga. Hapo umechelewa kidogo.

Shusha gia kabla mteremko haujaanza. RV nyingi za Class C zina kitufe cha kuvutia mzigo kwenye mkono wa gia, kibonyeze, injini itaanza kupiga kelele, usiogope hizo kelele, ndo injini inakushikia gari. Mwendo ukizidi kanyaga breki kwa nguvu, shusha mwendo, achia kabisa, zipoe. Ukiona nyuma yako kuna foleni ingia kwenye kituo cha pembeni uwapishe. Wenyeji wanawahi kazini, na kukimbizana nao hakuna zawadi.

Mbona mafuta ya bei ndogo huko ni 85?

Swali zuri na wengi hawaoni. Majimbo ya milimani kama Colorado petroli ya kawaida huuzwa oktani 85 (namba ya daraja la petroli kwenye pampu), wakati sehemu nyingine ya chini kabisa ni 87. Enzi za injini za kabureta ilikuwa na mantiki kwa sababu ya hewa nyepesi ya juu. Injini za kisasa, kitabu cha gari kikisema 87 weka 87, hasa ukiwa na mzigo na mlima. Na mkono wa pampu wa kijani kwenye sheli nyingi za Marekani ni dizeli, hakikisha kabla hujachomeka.

Ujue pia RV inakula. Class C maili 8 hadi 12 kwa galoni, na huo mlima usitegemee ile 12.

Nilale ndani ya hifadhi au mjini?

Inategemea unataka nini. Ndani ya hifadhi RV zinalala Moraine Park, Glacier Basin, Aspenglen na Timber Creek. Kuna uzuri wake, unaamka elki, yaani kulungu wakubwa wa huko, wako mita chache toka mlangoni. Lakini nafasi nyingi humo hazina umeme wala maji ya kuunganisha, jenereta inawashwa masaa maalum tu, na kila nafasi ina urefu wake wa mwisho, ukibuku ya futi 25 ukafika na futi 31 hakuna wa kumlilia. Kubuku ni kwenye Recreation.gov, dirisha linafunguka miezi 6 kabla, na kwa wikiendi za Julai nafasi zinaisha mapema sana.

Timber Creek iko upande wa magharibi na haina kivuli, wadudu wa misonobari waliua miti yake ikakatwa. Watu wanailalamikia kwa hilo, ila mimi naona ndo inakupa anga lote la usiku.

Mjini Estes Park kuna kempingi za binafsi zenye umeme, maji na bomba la maji machafu, bei juu na majirani karibu. Kama ni mara yako ya kwanza, au una mtoto mchanga, au mama mkwe yumo ndani, lala mjini siku mbili za mwanzo mzoee gari, halafu hamieni ndani. Kulala kwenye pakingi za hifadhi hairuhusiwi, msijaribu.

Umeme, maji na choo naunganishaje?

Umeme kwanza. Zima swichi kuu ya kwenye nguzo, chomeka, ndo uwashe. RV ndogo hutumia plagi ya ampia 30, kubwa 50. Weka kifaa cha kuzuia umeme unaoruka, kempingi za zamani umeme wake una tabia zake.

Maji: tumia mpira wa maji ya kunywa peke yake, mara nyingi ni mweupe, na ufunge kipunguza presha bombani kabla ya mpira, kwa sababu kempingi za mlimani presha yake inaweza kupasua viungio chini ya sinki.

Choo ndo kila mtu anaogopa. Kuna matenki mawili ya uchafu, moja la choo, lingine la maji ya sinki na kuogea. Vali ya tenki la choo iache IMEFUNGWA hata kama umeshaunganisha bomba, mpaka lifike theluthi mbili. Ukiiacha wazi maji yanatoka na vigumu vinabaki, vinakauka vinajenga kichuguu na aliyekukodisha atakutoza. Siku ya kumwaga vaa glavu, fungua la choo kwanza, likiisha fungua la sinki, hayo maji ya sabuni yanasafisha bomba.

Kiingilio bei gani, na hizo tiketi za muda ni nini?

Gari moja ni dola 30 kwa siku au 35 kwa siku saba, na kadi ya mwaka ya hifadhi zote za taifa ni dola 80 kwa wakaazi wa Marekani. Kuanzia Januari 2026 mgeni asiye mkaazi, wa miaka 16 na kuendelea, analipa dola 100 zaidi kwa kichwa kwenye hifadhi 11 na Rocky Mountain imo. Kadi ya mwaka ya wageni ni dola 250. Kwa hiyo kama shemeji na wanawe wanakuja kutoka nyumbani piga hesabu kabla hamjafika getini, sio pale dirishani huku foleni inapiga honi.

Tiketi ya muda ni kitu kingine, ni ruhusa ya kuingia saa fulani. Kwa utaratibu wa miaka ya karibuni, toka mwishoni mwa Mei mpaka katikati ya Oktoba, barabara ya Bear Lake, ziwa lililo ndani ya hifadhi, unahitaji tiketi yake toka saa 11 alfajiri mpaka saa 12 jioni, na sehemu nyingine za hifadhi toka saa 3 asubuhi mpaka saa 8 mchana. Saa nazitaja kwa Kiswahili, msiende kuzisoma hivo hivo kwenye simu. Zinatolewa tarehe 1 kwa ajili ya mwezi unaofuata, na fungu lingine linawekwa saa 1 jioni ya siku iliyotangulia, wengi wanapata hapo. Aliyebuku kempingi ndani ya hifadhi buking yake inamwingizia getini. Utaratibu unaweza kubadilika kila mwaka, angalia kabla hujalipia RV.

Bear Lake yenyewe usiende na RV. Liache kwenye pakingi kubwa ya mabasi iliyo ng'ambo ya Glacier Basin, panda basi la hifadhi.

Kichwa kinaniuma toka nifike, ni kawaida?

Ni kawaida. Estes Park iko mita 2,293 na huko juu Trail Ridge hewa ni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani. Kunywa maji, punguza pombe, lala usiku mmoja Denver kabla ya kupanda, na siku ya kwanza usitembee mbali. Kichwa kikiuma na kutapika juu yake, au mtu anaongea vitu havieleweki, teremkeni muda huo huo, msisubiri asubuhi.

Na RV yenyewe inaathirika na mwinuko?

Ndio, na watu hushangaa. Pakiti za chipsi zinavimba mpaka zinakuwa kama mito, chupa ya shampuu ukiifungua inakutemea. Friji za RV zinazotumia gesi moto wake unaweza kuzimika zimika ukipita mita 1,700 hivi, ukiwa na umeme hamishia kwenye umeme. Na hizo friji zinataka gari lisimame sawa, likiinama hazipoozi. Jenereta nazo nguvu hupungua, nyingi zina kirekebishi cha mwinuko pembeni, muombe mkodishaji akuonyeshe. Maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, kwa hiyo maharage yatakumalizia gesi. Kiyoyozi usikiumizie kichwa, usiku wa Julai huko nyuzi ni 10 au chini, utatafuta blanketi.

Mbona kila mtu anasema tushuke kabla ya saa 6 mchana?

Radi. Julai na Agosti asubuhi anga jeupe, mchana mawingu yanajikusanya juu ya vilele na kuanzia saa 7 hivi ni ngurumo. Juu ya mstari wa miti kitu kirefu kuliko vyote ni wewe. Ukisikia ngurumo ingia kwenye gari la bati, funga vioo. RV nyingi ukuta wake ni faiba, sio kinga nzuri kama gari dogo la chuma, sababu nyingine ya kuwa mmeshashuka.

Wanyama je, dubu wanaingia ndani?

Dubu wa huko ni weusi, na pua zao ni hatari kuliko meno. Chakula, dawa ya meno, mafuta ya kujipaka, vyote ndani ya RV, madirisha yamefungwa, milango IMEFUNGWA kwa funguo, maana kitasa cha gari wanakijua. Wenye trela za turubai watumie kabati la chuma la kempingi.

Kaa mita 23 toka kwa elki na wale kondoo wa mlimani wenye pembe za kujipinda, mita 36 toka kwa dubu na musi. Juni elki majike wana watoto wamefichwa kwenye nyasi, anakukimbiza hata hujamwona mtoto. Musi, lile linyama refu la upande wa magharibi, linaonekana limelala usingizi na ndo ninaloliogopa zaidi.

Nina siku moja tu ya ziada, niitumie wapi?

Upande wa magharibi, bonde la Kawuneeche mpaka Grand Lake. Watu wachache, musi kwenye majani ya mtoni alfajiri, na huo mto mdogo unaouruka kwa hatua mbili ndo Colorado ukiwa bado mchanga. Utaona pia misitu iliyoungua, ni moto wa East Troublesome wa Oktoba 2020 uliovuka mgongo wa mlima mpaka upande wa Estes. Kwa sababu hiyo hiyo angalia katazo la moto la siku hiyo kabla ya kuwasha kuni.

Mbwa anaruhusiwa?

Kempingi, pakingi na kando ya barabara ndio, kwa kamba isiyozidi mita 1.8. Njia za miguu zote za hifadhi hapana.

Mtandao?

Mjini upo, ndani ya hifadhi sehemu nyingi hamna. Pakua ramani na tiketi zako ukiwa bado na data.

Kurudisha gari kuna mitego?

Matenki ya uchafu yawe matupu, petroli na gesi vifike pale vilipokuwa, fagia. Usisubiri kumwaga choo siku ya mwisho njiani, Jumapili foleni za sehemu za kumwagia ni ndefu, maliza kempingi kabla hujang'oa. Piga video ya gari lote siku ya kuchukua na siku ya kurudisha, paa lake pia, na geji zote zikiwa zinawaka, halafu usizifute mpaka ile hela ya dhamana iwe imerudi kwenye akaunti.